Chumba Chini ya Ubao wa Saba

Ubao wa sita ulitoka bila tabu. Fundi saa aliuinua kwa mikono miwili, sega likining'inia chini yake zito na jeupe, akauegemeza kwenye kiti kibovu alichokitenga kwa kazi hiyo. Kisha akaupulizia mzinga moshi mara mbili, si zaidi, kwa sababu moshi ukizidi nyuki huchanganyikiwa na asali hunuka jiko. Akahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini. Halafu akachomeka ncha ya patasi chini ya ubao wa saba na kuubandua polepole, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, mpaka gundi ya nyuki ikaachia kwa mlio mdogo kama wa mtu anayevunja vidole.

Chini ya ubao huo palikuwa na chumba. Kitanda kilikuwa palepale, dirisha palepale, mlango umefungwa. Binti yake alikuwa amehama kutoka kitandani na kuketi sakafuni, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa. Alikuwa wa nta, urefu wake kama njiti ya kiberiti, na nyuki wawili walikuwa wakimlisha.

Fundi saa alitoa daftari mfukoni, akaandika: *Ukaguzi wa nane. Jua, upepo kidogo. Malkia hakuonekana, mayai yapo. Ameketi sakafuni. Mlango umefungwa.* Akausogeza ubao mahali pake taratibu, akiutikisatikisa ili nyuki waliokuwa ukingoni wapate nafasi ya kuondoka. Nyuki akibanwa akafa hutoa harufu, na harufu hiyo huwaita wenzake waje kudunga.

Mtaani walimwita Taratibu. Jina lilianzia kwa watu waliompelekea saa zao na kuzisubiri wiki tatu, ingawa hao hao walikiri kwamba hakuna saa iliyorudi kwake mara mbili. Ufugaji wa nyuki alijifundisha mwenyewe, miaka saba iliyopita, mwaka aliofiwa na mkewe, kwa kusoma kijitabu kisichokuwa na jalada na kwa kuvimba uso. Alikuwa na mizinga minne nyuma ya nyumba. Milango ya mizinga aliielekeza kwenye ua wa miti, ili nyuki wakitoka walazimike kupaa juu kabla ya kukutana na vichwa vya watu. Kila mguu wa mzinga ulisimama ndani ya kopo la mafuta machafu, sisimizi wasipande. Aliyetaka kufuga alimweleza haya yote bila haraka, na asiyetaka pia alimweleza. Anza na mzinga mmoja. Usisimame mbele ya mlango wao. Usivune sega ambalo halijafunikwa. Usifungue mzinga kila unapojisikia kufungua. Siku kumi zipite, la sivyo unawavuruga, na nyuki wakivurugwa sana wanahama.

Mzinga wa nne ulipoanza mambo yake, alidhani kosa ni lake. Mbao zile za juu zinatakiwa ziwe na upana uleule, milimita thelathini na mbili, ili nyuki wajenge sega moja moja chini ya kila ubao, zimenyooka kama nguo kwenye kamba. Ubao mmoja ukizidi upana, wanapindisha. Kwa hiyo alipokuta nta imekwenda upogo, alifanya inavyotakiwa: alikata sega lingali bichi, akalinyoosha, akalifunga kwa uzi wa pamba. Baada ya siku kumi nyuki walikuwa wameutafuna uzi na kuutupa nje ya mlango, na mahali pa sega wamejenga ngazi. Kwenye ukaguzi wa pili palikuwa na sebule, viti vitatu na kabati la vioo. Kabati alilitambua mara moja, maana alilinunua yeye, siku binti yake alipoolewa. Kwenye ukaguzi wa tatu palikuwa na chumba, na ndani ya chumba palikuwa na mtu.

Ukaguzi huo wa tatu ulikuja wiki ileile ambayo binti yake aliacha kuja Jumamosi. Alikuwa ameolewa na mfamasia, mitaa miwili kutoka pale, na kila Jumamosi alizoea kuja kumpikia baba yake na kumchokoza kuhusu saa za watu. Mkwe alifika mwenyewe kueleza. Alisema mkewe anapumzika. Alisema simu ya mkewe anaishika yeye kwa sasa, kwa kuwa mwanga wake unamuumiza kichwa. Alisema haya kwa heshima, ameinamisha kichwa kidogo, na aliacha kopo la vidonge vya viungo kwa ajili ya magoti ya mzee.

Ilikuwa vigumu kumsema vibaya mfamasia. Alifungua duka lake, lililopakana na ua wa fundi saa, hata siku za mapumziko. Alijua presha ya kila mtu mtaani na aliuliza habari yake kabla ya kuuliza habari ya nyumbani.

Siku ya ukaguzi wa nane, dada yake fundi saa, shangazi wa binti, ambaye nyumbani wote walimwita Shangazi, alitoka mlango wa jikoni. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka sita, fundi cherehani, na aliishi chumba cha mbele cha nyumba ileile. Ndiye aliyemshonea mdogo wake kofia ya wavu ya kuzuia nyuki, lakini mwenyewe hakuwahi kuukaribia mzinga zaidi ya hatua kumi. Siku hiyo aliivaa kofia ya akiba, akafunga mikono ya gauni lake kwa mpira, akasema amechoka kusikia mwanamke wa nta, mwanamke wa nta, anataka kuona.

Fundi saa alisita, kwa sababu alikuwa amekwisha kufunga. Kisha akafungua tena ubao wa saba, akaandika kwenye daftari kwamba amefungua mara mbili.

Shangazi aliinama. Alitazama jinsi alivyozoea kutazama nguo iliyorudishwa na mteja.

"Gauni hilo nimemshonea mimi," alisema. "La mwaka jana. Tazama mabega. Tazama mikono ilivyopwaya. Nilimpima mwenyewe, haikuwa hivyo."

"Nta hulegea kukiwa na joto."

"Nta imelegea kwenye gauni tu, kwenye ukuta haikulegea?" Aliinuka. "Umeanza kumwona lini?"

"Ukaguzi wa tatu."

"Mimi sijui kuhesabu kwa ukaguzi."

"Siku hamsini."

"Siku hamsini, mdogo wangu. Ungekuwa unatengeneza saa ya stesheni, treni zote zingekwisha kuondoka."

Fundi saa alimweleza kwamba kuona mara moja si kuona. Mtu akifungua mzinga siku ya mvua atadhani kundi linakufa, kumbe wamejikunyata tu. Lazima aone mara nyingi, siku tofauti, ndipo ajue kama ni ugonjwa au ni majira. Alikuwa amejipangia mara kumi. Zikitimia kumi atakuwa na hakika, na mtu mwenye hakika anaweza kusema.

Shangazi alivua kofia, akasema kesho wanakwenda kumtembelea mgonjwa, na kwamba hilo halihitaji daftari.

Walikwenda saa tisa alasiri. Mfamasia aliwafungulia mwenyewe, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akawapokea mfuko wa machungwa. Fundi saa alikuwa hajaingia nyumba ile kwa miezi miwili, lakini hakuhitaji kuonyeshwa mahali pa kukaa. Kiti cha tatu kilikuwa kimesogezwa karibu na dirisha, kama alivyokiona kwenye ukaguzi wa saba. Shangazi naye alikitazama kiti, kisha akamtazama ndugu yake.

Binti alishuka ngazi ameshikwa mkono na mumewe. Alikuwa amechanwa nywele vizuri. Shangazi aliuliza kama analala, na mfamasia akajibu kwamba analala kwa saa nane bila kukatika. Aliuliza kama anakula. Mfamasia alitaja alichokula asubuhi, alichokula mchana na atakachokula usiku. Aliuliza anaumwa nini hasa. Mfamasia alitaja jina refu, akalirudia kwa upole ili walishike.

Binti alikuwa anamwangalia baba yake.

"Baba, nyuki hawajambo?"

"Hawajambo."

"Siku hizi unafungua kila baada ya siku ngapi?"

"Kumi. Ukizidisha unawavuruga."

"Siku kumi ni nyingi," alisema binti.

Mfamasia alicheka, akasema mke wake amekuwa mtaalamu wa nyuki akiwa kitandani. Kisha akatazama saa ya mkononi, ambayo fundi saa ndiye aliyeitengeneza, akasema ni wakati wa dawa. Walisimama. Wakiwa mlangoni wanavaa viatu walisikia nyayo zikipanda ngazi, jozi mbili, na baadaye nyayo zikishuka, jozi moja. Katikati ya kupanda na kushuka palikuwa na mlio ambao mtu anayeshinda na vyuma vidogo hawezi kuukosea. Ulikuwa ufunguo ukizungushwa, mara moja na nusu.

"Umesikia?" aliuliza Shangazi walipofika kona.

"Nimesikia."

"Basi?"

Fundi saa alisema kufuli lile halijatiwa mafuta siku nyingi.

Shangazi hakumsemesha tena siku ile, lakini alisema na watu wengine wote. Wateja walioleta suruali kupunguzwa walipewa habari za mzinga wa nne, na walioleta mapazia pia. Hakuna aliyebisha. Jirani mmoja alisema nyuki ni viumbe wenye akili sana. Mwingine aliuliza kama asali yake inalika. Mwanamke mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa na pumu, alisema maskini, kisha akaomba suruali iwe tayari Ijumaa.

Siku ya ukaguzi wa tisa, fundi saa akiwa ndiyo kwanza anawasha magunzi makavu ya mahindi kwenye bomba la moshi, mfamasia aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na koti lake jeupe. Alikuwa amefuatana na mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene mwenye kisukari, aliyebeba futi ya kupimia ardhi. Mwenyekiti alieleza kwamba amekuja kwa habari ya umbali. Kuna malalamiko kwamba nyuki wako karibu na njia.

Walipima. Mwenyekiti alishika upande mmoja wa futi na fundi saa upande wa pili. Ilionekana mzinga wa nne uko hatua mbili karibu kuliko inavyofaa. Mwenyekiti aliandika.

"Madhali umefika," alisema Shangazi kutoka mlango wa jikoni, "tazama na ndani."

Mfamasia alisema hata yeye angependa kuona, amesikia mengi. Alipewa kofia ya akiba. Mwenyekiti alijifunika kichwa kwa kanga ya Shangazi, kwa kuwa kofia zilikuwa mbili tu. Fundi saa alitoa mbao moja moja, akaeleza kila hatua, kama alivyowaeleza watu wote: hizi nyeupe ni asali iliyofunikwa, hizi za kahawia ni majana, watoto wa nyuki, hapa ni chavua. Alipofika ubao wa saba aliuinua, akasogea kando.

Nyuki hawakumdunga mfamasia. Aliinama, mikono nyuma, akatazama muda mrefu kuliko wote.

"Wamekosea pazia," alisema mwishoni. "Hilo jepesi tumelitoa juzi. Sasa kuna zito, jua lisimsumbue."

Fundi saa alisema nyuki huchelewa kidogo wakati wa kiangazi, kwa kuwa nta ni haba.

"Ndiyo, nadhani ni hivyo," alisema mfamasia, akaivua kofia na kuirudisha kwa mikono miwili.

Mwenyekiti aliinama kidogo tu, akainuka. Shangazi alimuuliza amemwona nani. Alisema amemwona yule binti, ni yeye kabisa, hata pua. Alimuuliza ameuona mlango. Alisema ameuona. Alimuuliza, sasa je.

"Mama, mimi nimekuja kwa habari ya umbali," alisema mwenyekiti. Alikunja futi yake na kusubiri mfamasia atangulie kutoka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nta haiwezi kwenda kutoa ushahidi. Na sisi wote hapa tunameza kutoka mkono mmoja."

Zilibaki siku kumi. Fundi saa alitengeneza saa mbili za ukutani na moja ya mfukoni. Jioni alisimama kando ya mzinga wa nne, ubavuni, si mbele, akaweka sikio kwenye mbao. Kundi lenye malkia huvuma kwa sauti moja. Lisilo na malkia hulia kama upepo unaopita kwenye tundu. Hili lilivuma vizuri. Hakufungua. Siku ya sita Shangazi alimkuta pale, akamwuliza anasikiliza nini, na yeye akasema wako salama. Shangazi alisema hakuwa anauliza habari za nyuki.

Ukaguzi wa kumi ulifanyika saa kumi na nusu, jua likiwa limepungua makali. Shangazi alishika bomba la moshi. Ubao wa saba ulipotoka, chumba kilikuwa giza, maana nyuki walikuwa wamesitiri dirisha kwa nta nyeusi ya mwaka juzi, nzito, yenye mikunjo ya kitambaa. Fundi saa alivaa kwenye jicho lenzi yake ya kazini. Binti alikuwa amesimama mlangoni, viganja vyote viwili juu ya mlango. Nyuki hawakuwa wakimlisha. Walikuwa wamemzunguka wakipepea mabawa, kama wafanyavyo kundi linapozidiwa na joto.

Aliandika. Alipomaliza kuandika, alibaki ameshika kalamu.

"Kumi zimetimia," alisema Shangazi.

"Zimetimia."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi fanya."

Fundi saa alitoa mfukoni mwa shati kisu chake kidogo kuliko vyote, kile cha kufungulia saa za kike. Akaanzia upande wa bawaba, akashuka, akapita chini, akapanda upande wa kufuli, akamalizia juu. Kwa miaka thelathini mkono wake ulikuwa ukifanya kazi ndogo kuliko hiyo. Mlango ulitoka mzima, kiasi cha kidole cha mwisho. Aliuweka ndani ya kopo lenye kifuniko, kwa sababu vipande vya nta visiachwe ovyo karibu na mizinga, vinaita nyuki wezi. Kisha akarudisha mbao zote na kuweka jiwe juu ya kifuniko.

Hawakuwa wamemaliza kunawa mikono binti alipoingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa hana viatu.

"Mlango haukuwepo," alisema. "Nikatoka."

Shangazi alimkalisha jikoni. Alimzungushia vidole kwenye mkono, juu ya kiwiko, jinsi anavyopima asipokuwa na futi, na vidole vikakutana vikapitana. Akaweka maji ya chai. Binti alisema kwamba kwa siku nyingi alikuwa akipanga atakachosema kwanza akifika, na sasa ameusahau mpango wote. Alikunywa chai kwa mikono miwili. Alitazama nje ya dirisha, ambalo halikuwa na pazia.

"Baba, naomba nikae hapa."

"Kaa," alisema fundi saa. "Kaa, mwanangu."

Kikombe hakijafika nusu, mfamasia alibisha hodi. Alikuwa na mwenyekiti. Mkononi alishika mfuko wa karatasi wa duka lake, na ndani yake mlikuwa na viatu vya mkewe, vimefutwa vumbi. Aliamkia. Alisema anaomba radhi kwa usumbufu. Mgonjwa wa namna hii, alieleza, hutoka bila kujua anakokwenda, na barabarani kuna magari.

Mwenyekiti alimuuliza binti kama amepigwa. Binti alisema hapana. Alimuuliza kama ananyimwa chakula. Alisema analetewa.

"Nafungiwa," alisema.

Mwenyekiti alisema amesikia. Alisema kila mwenye nyumba hufunga milango yake. Alimgeukia fundi saa, akasema yeye ndiye mzazi, yeye ndiye mwenye neno, aseme tu na wote watamsikiliza.

Wote walimsikiliza. Maji yaliyobaki yalichemka tena na Shangazi hakuyaepua. Fundi saa alitazama viatu. Aliona wazi, kama anavyoona jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa, kwamba mkwe wake ni mtu mbaya. Na kwa sababu alikuwa ameliona jambo hilo wazi, alitaka alifanye vizuri. Kundi lililosumbuliwa haliguswi siku ileile. Kila mtu hapo alikuwa amesumbuliwa. Ukilazimisha, wanadunga, na anayedungwa kwanza ni aliye karibu nao.

Alisema, kwa sauti yake ya siku zote, kwamba leo watu wana joto. Alisema ingefaa watulie, kila mtu mahali pake, halafu Jumamosi wakae chini, yeye na mkwe wake na mwenyekiti na Shangazi, wazungumze jambo hili kutoka mwanzo. Alisema ameandika kila kitu, ana tarehe zote.

Mfamasia alisema Jumamosi inamfaa kabisa. Alipiga goti moja, akaviweka viatu sakafuni, kimoja baada ya kingine, ncha zikielekea mlangoni.

Binti hakulia. Alikiweka kikombe mezani.

"Ni wewe uliyekata mlango, baba?"

"Ni mimi."

"Asante," alisema, akavaa viatu.

Walipoondoka Shangazi alizima jiko. Alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia binti.

"Una macho ya kuona yai la nyuki," alisema. "Kitu kama uzi uliosimama, chini ya tundu, gizani. Mimi nikiwa na miwani silioni. Wewe unaliona."

"Na hili nimeliona, dada."

"Najua umeliona. Ndilo linalonitisha."

Kesho yake asubuhi seremala alipita mtaani na ubao mpya begani, na watu wakamsalimia. Alimwambia Shangazi, bila kuulizwa, kwamba anakwenda kwa mfamasia, kazi ndogo, atarudi kabla ya adhuhuri. Alirudi saa nane.

Siku hiyo fundi saa alifungua mzinga wa nne ukiwa haujapita hata usiku wa pili. Alitaka aanze saa tisa, lakini mteja wa saa ya ukutani alichelewa kuondoka, na ilipofika saa kumi na moja kasoro ndipo alipoinua ubao wa saba. Mlango ulikuwa umerudi. Safari hii nyuki hawakutumia nta. Waliutengeneza kwa gundi, ile nyeusi wanayozibia nyufa, na unene wake ulikuwa mara tatu ya ule wa kwanza. Nyuki kama hamsini walikuwa bado juu yake, wamepangana bega kwa bega, wakisawazisha.

Alianza upande wa bawaba. Gundi ya nyuki ikiwa baridi huvunjika kama kioo, ikiwa ya moto hung'ang'ania, na saa ile ilikuwa ya moto. Kila baada ya kuvuta kisu mara mbili alilazimika kukifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Shangazi alipuliza moshi. Nyuki wa kwanza alimdunga kwenye kifundo cha mkono. Alikwangua mwiba kwa ukucha, kwa ubavu, maana ukiubana unaongeza sumu. Wa pili alimdunga hapohapo, kwa kufuata harufu. Upande wa bawaba uliisha. Akaanza upande wa chini.

Jua liliingia nyuma ya mapaa. Nyuki wa mashambani walianza kurudi, mmoja mmoja kwanza, kisha makundi makundi, wakajaa kwenye ukingo wa mzinga wasione pa kuingilia. Uvumi wa ndani ulipanda. Magunzi yaliisha kwenye bomba, na moshi ukawa mwembamba, halafu ukakoma.

"Endelea," alisema Shangazi.

"Wamerudi wote. Ni zaidi ya elfu ishirini."

"Endelea hivyo hivyo."

Aliendelea. Alidungwa mara nne, shingoni mara mbili, mahali wavu ulipogusa ngozi. Upande wa chini ulifika katikati, na mlango ukainuka kiasi cha unywele. Kwenye ufa huo kilitokeza kidole, chembamba kuliko mshale wa dakika, kikashika ukingo.

Fundi saa alikitazama kupitia lenzi. Alisema mwanga hautoshi tena. Alisema wakizidi kukasirika usiku huu watahama, na wakihama nyumba yote itabaki ganda, na hapo hata kujua ameketi au amesimama hawatajua. Shangazi alimwambia akate. Alijibu kwamba mkono ukikosea gizani atakata kisichokatwa.

Shangazi alibaki ameshika bomba lililopoa.

Fundi saa aliurudisha ubao polepole sana, akiutikisatikisa, asimbane mtu. Aliweka kifuniko, akaweka jiwe. Upande wa pili wa ukuta taa ya duka la dawa iliwaka, na watu wakaanza kupanga foleni kwa vidonge vya jioni, mwenyekiti akiwa wa tatu. Fundi saa alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akafuta kisu, akakijaribu makali kwenye ukucha wa dole gumba, akaona kinahitaji kunolewa.

Alisema zimebaki pande mbili na nusu. Kesho hatapokea mteja, ataanza saa tisa kamili.